Asidi ya Mashine na Asidi ya Ulimini: Wasomaji Wanauliza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: muziki wa elektroniki na dawa za maruweruwe vilikutana wapi, na makutano hayo yameacha nini ndani ya muziki na ndani ya miili ya wachezaji. Tuweke maneno sawa kwanza. Dawa za maruweruwe ni LSD, ambayo mitaani huitwa asidi, uyoga wenye silosibini na jamaa zake, zile zinazogeuza jinsi mtu anavyoona, anavyosikia na anavyohisi muda ukipita. Ekstasi, yaani MDMA, ni binamu wa mbali kidogo: haileti maruweruwe makubwa, bali humpa mtu nguvu, joto na mapenzi ya ghafla kwa kila aliye karibu naye. Zote zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Uganda, na hatumshauri mtu yeyote azitumie. Lakini tunajua vijana wetu hukutana nazo, nyumbani na ughaibuni, na tunataka yule atakayekuwa jirani na aliyezidiwa ajue la kufanya.

SWALI: Wahariri, salamu. Huu muziki wa haus unaoitwa "acid", yaani asidi, ulipewa jina kwa sababu ya LSD? Rafiki yangu anashikilia kwamba jina limetokana na mashine. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli. Mashine yenyewe ni TB-303 ya kampuni ya Roland, Japani. Ilitengenezwa kati ya 1981 na 1984, zipatazo 10,000 tu, na kazi yake ilikuwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kazi hiyo iliishinda. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, kuipanga kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, na baada ya muda mfupi ikawa inauzwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba.

Huko Chicago vijana watatu, DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliojiita Phuture, wakaipata moja. Wakaiacha irudie kipande kilekile huku wakizungusha nobu zake, jambo ambalo mtengenezaji hakulifikiria. Kanda yao wakampelekea Ron Hardy, DJ wa klabu ya Muzic Box. Inasimuliwa kwamba aliipiga mara nne usiku mmoja: mara ya kwanza watu waliondoka uwanjani, mara ya nne walikuwa wamepagawa. Wachezaji ndio walioanza kuuita wimbo huo "asidi", kabla haujatoka kwenye santuri ya Trax Records mwaka 1987 kwa jina la "Acid Tracks". Kwa nini asidi? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya dawa zilizokuwa zikizunguka mle klabuni, wapo wanaosema ni ukali wa sauti inayokwangua. Waliotengeneza wimbo hawakuwa wakisifia dawa: kwenye santuri hiyohiyo kuna wimbo wao mwingine unaoonya juu ya kokeini.

Mkanganyiko ulikolea Uingereza. Kiangazi cha 1987 ma-DJ wanne wa London, akiwemo Danny Rampling na Paul Oakenfold, walikwenda kisiwa cha Ibiza, wakamsikia DJ Alfredo katika klabu ya Amnesia na wakaonja ekstasi. Mwishoni mwa mwaka huo Rampling akafungua Shoom ndani ya ukumbi wa mazoezi ya viungo kusini mwa London. Kufikia kiangazi cha 1988 magazeti yalikuwa yanapiga kelele juu ya "asidi". Wahariri wa magazeti hayo waliona neno kwenye santuri wakadhani ni LSD, ilhali wengi waliokuwa wakimeza kitu walimeza MDMA. Kwa hiyo jina moja lilibeba vitu vitatu: mashine ya Japani, dawa ya ulimini iliyotengenezwa na mkemia Albert Hofmann huko Basel mwaka 1938, na kidonge ambacho wala si asidi.

Na kabla hatujatoka hapo: mwaka 1982, huko Mumbai, mwanamuziki Charanjit Singh alitumia TB-303 kupiga raga za Kihindi juu ya mdundo wa disko. Ukisikiliza leo utaapa ni muziki wa Chicago. Miaka mitano kabla, na bila klabu wala kidonge.

SWALI: Kaka zangu, natumia FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki. Nimejaribu kutoa ile sauti ya asidi inayolia, lakini inatoka kama nzi kwenye chupa. Nakosea wapi? — Mtayarishaji, Manzese

JIBU: Nzi kwenye chupa ni dalili kwamba kichujio, yaani kile kinachokata baadhi ya masafa ya sauti, kimefunguliwa wazi na hakitembei. Ile sauti haiko kwenye wimbi lenyewe. Iko kwenye mwendo wa kichujio.

Anza na oskileta moja tu, yaani chanzo cha sauti: wimbi la msumeno au la mraba. Zima koras, zima yunisoni, zima kila kinachonenepesha. Weka sinthesaiza ipige noti moja kwa wakati. Chukua kichujio cha kupitisha sauti za chini, mteremko wa desibeli 24, ukikate kwenye hezi 300 hadi 400, na rezonansi, inayokuza masafa ya pale kichujio kinapokatia, uipandishe mpaka robo tatu ya nobu. Sasa kiongoze kichujio kwa bahasha (mpangilio wa kufunguka na kujifunga kwa kila noti) inayopanda papo hapo na kushuka ndani ya milisekunde 200 hadi 400, bila kushikilia chochote chini. Ukiipiga hapo utasikia "twau". Huo ndio msingi. Kama hutaki kujenga mwenyewe, FL Studio ina Transistor Bass, iliyoigwa kutoka mashine hiyo.

Kipande kina hatua 16. Kwa mwendo wa mipigo 120 kwa dakika, baa moja ni sekunde 2 na kila hatua ni milisekunde 125. Acha hatua tatu au nne kimya. Tumia noti chache, tatu au nne, lakini zirushe oktava juu na chini. Kisha weka mtelezo kwenye hatua tatu hivi: noti inateleza kuelekea inayofuata kwa milisekunde kama 60, yaani karibu nusu ya hatua, na bahasha haianzi upya. Wengi huweka mtelezo kila mahali, na matokeo yake ni uji usio na chembe.

Kinachofuata ndicho watu hukosa zaidi, nacho ni mkazo. Kwenye mashine ya asili, noti yenye mkazo hufanyiwa mambo matatu kwa pamoja: sauti inapanda, kichujio kinafunguka zaidi, na bahasha inafupishwa. Mikazo miwili au mitatu ikifuatana, kila mmoja hufungua kichujio kuliko uliotangulia, kwa sababu kapasita iliyo ndani haijamaliza kujimwaga. Hapo ndipo mashine inapolia kama mtu. Ukiunganisha nguvu ya noti na sauti pekee, utapata noti ya kelele na noti ya kimya, basi. Iunganishe na kichujio pia.

Sasa kaa ukiwa na nobu mbili: ya kukata na ya rezonansi. Usizisukesuke. Ifungue ya kukata polepole kwa baa 32, ambazo kwa mwendo huo ni sekunde 64. Uharibifu wa sauti uweke baada ya kichujio, si kabla, la sivyo rezonansi itafunikwa. Kata masafa ya chini ya hezi 100 kwenye sauti hii ili kiki, ile ngoma nzito ya mdundo, ipate nafasi. Na uangalie spika zako: rezonansi ikipita kwenye hezi 3,000 hadi 5,000 inatoa ncha kali inayounguza twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, na kuumiza masikio. Punguza desibeli 6 na weka limita, kizuizi cha sauti isipite kiasi, kabla hujapeleka kwenye spika za mtaani.

Mashine ya asili ilipangwa kwa namna ya ajabu. Unaingiza kwanza noti zote kwa mfuatano bila muda, halafu unarudi mwanzo kuingiza muda: hapa noti, hapa endeleza, hapa kimya. Ukikosea hesabu, noti zinahama hatua na wimbo unakuwa mwingine kabisa. Kumbukumbu yake inashikiliwa na betri nne, na zikiisha, vipande vinavurugika. Ndiyo maana mashine za mitumba zilifika mikononi mwa watu zikiwa na tungo ambazo hakuna aliyezitunga.

Tumekaa sana hapa kwa sababu jibu la swali la dawa limo humuhumu. Noti hazibadiliki, rangi ya sauti ndiyo inayobadilika. Mtu ambaye hisia zake za muda zimelegea hana haja ya kungoja kiitikio. Anafuata rangi hiyo inavyofunguka na kujifunga, na dakika 11 za wimbo hazimchoshi. Dawa haikuleta sauti hiyo, ila iliwapa wachezaji subira ya kuisikiliza, na watayarishaji wakajua kuwa subira hiyo ipo.

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa miaka 20. Mwisho wa mwaka anakwenda tamasha la ufukweni na wenzake. Nimesikia watu wanakufa kwa kukosa maji, wengine wanakufa kwa kunywa maji. Nimwambie nini? — Mama, Mombasa

JIBU: Mama, yote mawili ni kweli, na tunashukuru umeuliza kabla ya safari.

Kwanza joto. MDMA hupandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, na hufunika uchovu na kiu, kwa hiyo mtu anacheza saa nne bila kukaa. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Pwani yetu mwezi wa Desemba hewa imejaa unyevu hata usiku, jasho linatiririka bila kukauka, na joto linabaki ndani. Likipita nyuzi 40, misuli huanza kuvunjika, damu hupoteza mpangilio wake wa kuganda, na figo na ini hushindwa.

Pili maji. Dawa hiyohiyo huufanya ubongo utoe homoni ya vasopresini, inayoziambia figo zishikilie maji. Mtu aliyeambiwa "kunywa maji mengi" anabugia lita mbili tatu, hakojoi, na chumvi ya damu yake inashuka. Kiwango cha kawaida cha sodiamu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka sana, maji huingia kwenye chembe za ubongo na ubongo unavimba ndani ya fuvu bila kuwa na pa kwenda. Wanawake, hasa vijana, ndio wanaoathirika zaidi.

Basi mwambie hivi: anayecheza anywe nusu lita kwa saa, yaani ile chupa ndogo moja, kwa kusonda taratibu. Aliyekaa, robo lita. Ale kitu chenye chumvi kabla na katikati. Kila baada ya nusu saa hivi atoke uwanjani akakae penye upepo. Pakiti za ORS zinafaa kuliko maji matupu. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, visifurike. Ushauri huu unamfaa hata asiyemeza kitu chochote, maana joto la kucheza peke yake linatosha kumwangusha mtu.

Na mwenzake akizidiwa? Dalili za joto ni ngozi inayochoma, taya kukaza, misuli kuwa migumu, kuongea ovyo, kisha degedege. Dalili za chumvi kushuka ni kichwa kuuma sana, kutapika, kuchanganyikiwa, kisha degedege vilevile. Huwezi kuzitofautisha kwa macho usiku wa manane, kwa hiyo usijaribu. Aite watu wa huduma ya kwanza na gari la wagonjwa mara moja. Wakati wanasubiri, wampeleke kivulini au penye upepo, wampunguze nguo, wammwagie maji na kumpepea, waweke barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, wamlaze ubavu. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu chochote, hata maji. Wasimwache "alale dawa iishe", kwa maana usingizi huo ndio unaoua. Na daktari aambiwe ukweli wote: nini, kiasi gani, saa ngapi. Kama kipande cha kidonge kimebaki, kiende naye hospitali.

Huko Uingereza funzo hili lilinunuliwa kwa gharama. Miaka ya mwanzo baadhi ya klabu zilifunga mabomba ya maji vyooni ili watu wanunue chupa baa, kwa sababu waliomeza ekstasi hawakununua pombe. Vijana wakafa. Mwaka 1992 jiji la Manchester likatoa kanuni za uchezaji salama: maji baridi ya bure, chumba cha kupumzika chenye ubaridi, hewa ya kutosha, wahudumu waliofunzwa. Tangu 2010 maji ya bomba ya bure ni sharti la leseni ya baa kote Uingereza na Wales. Ukitaka kujua kama tamasha la binti yako limeandaliwa na watu makini, uliza mambo mawili: maji ya bure yako wapi, na gari la wagonjwa limeegeshwa wapi. Mwandaaji anayebabaika kujibu, usimpe binti yako.

SWALI: Nasoma Uholanzi. Hapa kuna vituo vinavyopima vidonge kabla ya watu kumeza. Je, kikipimwa kinakuwa salama? — Mwanafunzi, Utrecht

JIBU: Hapana, ndugu. Kinakuwa kimejulikana tu. Huduma hiyo ya Uholanzi, inayoitwa DIMS, ipo tangu 1992, na imeokoa watu kwa njia mbili: inamwambia mtu mmoja kilichomo, na inaionya nchi nzima kidonge hatari kikiingia sokoni.

Hatari ya kwanza ni nguvu. Watafiti wa Marekani waliojaribu MDMA kama tiba walitumia dozi ya kwanza ya miligramu 80 hadi 120, chini ya macho ya wataalamu na baada ya kupima moyo wa mgonjwa. Vidonge vya mitaani Ulaya huweza kuwa na 200 na zaidi kimoja. Hatari ya pili ni kubadilishiwa. PMMA hufanana na MDMA kwa sura lakini huchelewa kufanya kazi. Mtu anadhani amepata kidonge dhaifu, anaongeza cha pili, kisha vyote viwili vinamfikia kwa pamoja na joto linapanda bila breki.

Vipimo vya matone vinavyouzwa vina kikomo chake. Tone la Marquis hugeuka zambarau ya kuelekea weusi likigusa MDMA. Tone la Ehrlich hugeuka zambarau likigusa LSD, na halibadiliki likigusa NBOMe, sumu ambayo imeua watu waliodhani wanalamba LSD. Lakini rangi inakuambia kitu fulani kimo. Haikuambii kiasi, wala haikuambii hakuna kingine. Karatasi ya LSD haina ladha kali. Ikiwa chungu ulimini, iteme.

SWALI: Bila jina. Natumia ARV zenye ritonaviri. Marafiki wananiambia kidonge kimoja cha ekstasi hakiwezi kunidhuru. — Msomaji

JIBU: Marafiki zako wamekosea vibaya mno, tafadhali soma kwa makini. Ini huivunja MDMA kwa kutumia kimeng'enya ambacho ritonaviri hukizuia. Dawa isipovunjwa inarundikana kwenye damu, na kidonge kimoja kinafanya kazi ya vingi. Mwaka 1998 jarida la Lancet la Uingereza liliripoti kifo cha namna hiyohiyo hasa. Kobisistati, dawa nyingine inayochanganywa na ARV, inazuia vilevile. Ritonaviri imo kwenye dawa nyingi za mstari wa pili zinazotolewa Afrika Mashariki, kwa hiyo hili si jambo la Ulaya. Na usithubutu kuruka dozi ya ARV ili "kupisha" kidonge: kizuizi hicho hakiondoki kwa siku moja, na virusi hutumia nafasi hiyo kujenga usugu.

Tukiwa hapo, tramadoli, ile dawa ya maumivu, pamoja na MDMA huleta degedege. Lithiamu pamoja na LSD, vivyo hivyo. Baadhi ya dawa za sonona, zikichanganywa na MDMA, huweza kujaza mwili serotonini hadi mtu atetemeke, akakamae na kuungua homa.

SWALI: Huku kwetu wageni wanaopiga trensi, aina ya muziki wa elektroniki, ufukweni huizungumzia Goa ya India kama Makka yao. Kwa nini huko? Na mtu akishikwa na maruweruwe ya kutisha tumfanye nini? — Msomaji, Zanzibar

JIBU: Mahipi walianza kutua kwenye fukwe za Anjuna na Vagator mwishoni mwa miaka ya 1960, na LSD yao mkononi. Kwanza walipiga roki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ma-DJ wakaanza kupiga muziki wa elektroniki wa Ulaya kwenye kanda, wakikata sehemu zenye maneno na kurudiarudia zile zisizo na maneno, kwa sababu mtu aliye kwenye maruweruwe akisikia mtu anaimba kuhusu mpenzi aliyemwacha anaweza kulia mpaka asubuhi.

Joto la Goa lilipinda santuri. Kwa hiyo baadaye walihamia kwenye kanda za dijitali za DAT, ndogo na imara, lakini vinasa sauti vyake havikuwa na nobu ya kubadili mwendo. DJ hakuweza kulinganisha mipigo ya nyimbo mbili. Suluhisho likawa kutunga nyimbo zenye mwanzo mrefu na mwisho mrefu usio na mdundo, ili ziungane kama mawingu. Msikilizaji wa leo hudhani mianzo hiyo ya kuelea imetoka kwenye LSD. Kwa kiasi kikubwa imetoka kwenye kifaa kisicho na nobu.

Mdundo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuupata: mipigo 145 kwa dakika, kiki kwenye robo ya kwanza ya kila mpigo, noti tatu za besi kwenye robo zilizobaki, kila robo milisekunde 103 hivi. Mkia wa besi ukigusa kiki, yote yanakuwa tope. Fupisha noti iwe milisekunde 80, na wimbi la oskileta lianze mahali palepale kwa kila noti.

Kuhusu aliyeshikwa. LSD hudumu saa 8 hadi 12, kwa hiyo jiandaeni kukaa. Mpeni mtu mmoja tu wa kuwa naye, mtulivu, asiye na haraka. Mtoeni kwenye spika na taa. Kuna tamasha la Boom huko Ureno, lililoanza 1997, ambalo lina hema maalumu la kazi hii lenye watu waliofunzwa, na wanachofanya ni cha kawaida kabisa: mkeka, shuka, maji kidogo, mwanga hafifu. Usibishane na anachokiona. Usimwambie amerogwa, na wasije watu kumi kumkemea mapepo usiku huo, hofu yake itaongezeka mara kumi. Mwambie jina lake, yuko wapi, saa ngapi, na kwamba ni dawa na itaisha. Rudia kila atakapouliza, hata mara arobaini. Msimfunge wala kumkalia kifuani, kwani anayepambana na kamba anapandisha joto la mwili. Mkigusa ngozi yake mkaona inachoma, au akipata degedege au maumivu ya kifua, acheni yote ya hapa mrudi kwenye jibu la mama wa Mombasa.

SWALI: Niko Berlin. Wajerumani wakisikia singeli huniuliza wanamuziki wetu wanameza nini. Niwajibu vipi? — Mdau, Berlin

JIBU: Wajibu kwa hesabu. Singeli hukimbia mipigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mipigo 240, kila mpigo ni robo sekunde. Tekno yao ya 130 inaenda karibu nusu ya hapo. Wao wamezoea kwamba kasi ni kazi ya kidonge, kwa sababu kwao historia ilikwenda hivyo. Singeli imetoka kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za uswahilini Dar es Salaam: vipande vya taarabu vikaharakishwa kwenye kompyuta, MC akapanda juu yake akitaja majina ya waliotoa pesa, akina mama na watoto wamo palepale uwanjani. Ulaya ilianza kuisikia kwa upana mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso. Hatusemi mitaa yetu haina dawa, inazo na zinaumiza. Tunasema sauti hii haikujengwa kwa ajili ya dawa. Imejengwa kwa ajili ya kiuno, sherehe na ushindani wa mtaa na mtaa.

SWALI: Je, kuna utafiti wowote juu ya LSD na muziki, au ni maneno ya walevi? — Msomaji, Kigali

JIBU: Upo, ingawa ni mdogo. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College, London, waliwasikilizisha watu 10 muziki siku waliyopewa maji ya chumvi yasiyo na dawa na siku waliyopewa LSD. Siku ya LSD muziki uliwagusa zaidi, hasa kwa hisia za mshangao na upeo. Mwaka 2017 wenzao wa Zurich wakaenda hatua mbele: nyimbo ambazo mtu alisema hazina maana kwake zilipata maana akiwa na LSD, lakini akipewa kwanza ketanserini, dawa inayoziba kipokezi kimoja cha serotonini kwenye ubongo, maana hiyo haikuja. Kwa hiyo "wimbo ulinizungumzia mimi" ni kazi ya kipokezi kinachojulikana. Majaribio yote mawili yalifanywa chumbani, kwa utulivu, na watu waliochunguzwa afya. Hayakufanywa saa tisa za usiku mbele ya spika.

SWALI: Nilisoma kwamba fundi mmoja Marekani alilewa LSD kwa kusafisha sinthesaiza. Ni uzushi? — Fundi redio, Tanga

JIBU: Iliripotiwa na televisheni ya San Francisco mwaka 2019, na mashine yenyewe ina ukoo unaoeleweka. Ni Buchla ya miaka ya 1960 iliyokuwa chuo kikuu cha serikali cha California, ng'ambo ya ghuba. Don Buchla aliwajengea sinthesaiza wanamuziki wa San Francisco, na Januari 1966 chombo chake kilikuwepo kwenye tamasha la siku tatu la LSD na muziki ukumbini mwa wapakuzi wa meli, wakati LSD haijapigwa marufuku California. Miaka zaidi ya 50 baadaye, fundi alifungua kipande chenye paneli nyekundu, akakuta chini ya nobu kitu kama utando wa chembe za kung'aa. Akanyunyizia dawa ya kusafishia, akasugua kwa kidole. Baada ya dakika 45 hivi akaanza kuhisi mwili ukisisimka, na hali hiyo ilidumu saa tisa. Vipimo vitatu tofauti vya utando huo vikasema LSD.

Wapo wakemia wenye shaka kama LSD hupita kwenye ngozi kirahisi hivyo, ingawa Hofmann mwenyewe, Aprili 1943, alihisi dawa hiyo kwa mara ya kwanza bila kuimeza kwa makusudi, akashuku vidole vyake. Kinachoeleweka zaidi ni jinsi ilivyodumu: LSD huharibiwa na mwanga, joto na unyevu, na kipande kile kilikaa miongo kadhaa gizani, mahali pa ubaridi. Fundi aliisafisha akiwa amevaa glavu safari hiyo, na Buchla ikarudi kupiga. Wewe pia, ukifungua kifaa cha zamani cha umeme, vaa glavu. Utando mweupe utakaoukuta chini ya nobu Tanga utakuwa chumvi ya bahari au asidi ya betri iliyovuja, na asidi hiyo ya tatu ndiyo itakayokuunguza vidole.